Nimealika watu, tutakuwa nane, sebule ndogo: nipike nini na mimi nikae nao?

Swali: "Dada shikamoo. Nimehamia fleti ya vyumba viwili Sinza, sebule si kubwa ila kuna balkoni. Jumamosi ijayo tumealika watu chakula cha usiku, jumla tutakuwa nane: mimi na mume wangu, shemeji yangu (kaka mkubwa wa mume wangu) na mkewe, wenzangu wawili wa kazini na rafiki zangu wawili tuliosoma wote chuo. Mmoja wa kazini ni Muislamu anayeswali swala zake zote, na rafiki yangu mmoja hali nyama wala samaki. Meza yangu ni ya watu wanne. Sitaki iwe kama shughuli, viti vya kukodi na mahema, ila sitaki pia waje wakute chakula cha siku zote. Nataka ipendeze alafu watu wajiachie. Tatizo langu kubwa kila nikialika watu mi nashinda jikoni, nikija kukaa wenzangu wameshashiba wanaaga. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa nyumba mpya.

Sentensi yako ya mwisho ndo swali lenyewe, hayo mengine yote yanatoka hapo. Mi kazi yangu ni kupika majumbani kwa watu hapa Dar, sio ukumbini, nyumbani, watu sita, kumi, kumi na mbili, na ninachokiona mara nyingi ni kwamba nyumba imependeza, chakula kizuri, ila mwenye nyumba ana jasho, kavaa kanga juu ya gauni, anajibu maongezi akiwa mlangoni na mwiko mkononi, na wageni wanaona, hawawezi kujiachia wakati mwenyeji wao anahangaika. Kwahiyo mi nina sharti moja tu ambalo nakuomba ulishike: kuanzia mgeni wa kwanza anapovua viatu mlangoni, kazi iliyobaki kwako jikoni isizidi robo saa. Chagua chakula kwa kuangalia hilo kwanza, utamu tutautafuta ndani ya hapo, na upo mwingi.

Sasa ukiangalia hivyo kuna vyakula vinajitoa vyenyewe. Chochote cha kukaanga dakika za mwisho, toa. Sambusa, bajia, kuku wa kukaanga, chipsi, samaki wa kukaanga, vyote vinataka usimame kwenye karai wakati watu wanaingia, alafu kwenye sebule ndogo ile harufu ya mafuta inakaa kwenye mapazia na kwenye nywele zako mpaka kesho. Pilau inangoja vizuri sana kwenye hotipoti, sikatai, na biriani nayo inangoja, ila umesema hutaki iwe kama shughuli, na pilau kwa watu wetu ndo chakula cha shughuli chenyewe, wakiiona tu akili inaenda kwenye arusi na hitima. Na rafiki yako asiyekula nyama hapo ataishia kula kachumbari na ndizi.

Mi ningekupa menyu hii: samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, mabilinganya ya kuchoma, wali mweupe wenye iliki, kachumbari, na pilipili ya kusaga pembeni. Basi. Usiongeze cha saba kwasababu unaogopa kitaonekana kidogo, watu nane kwenye vyakula hivyo watashiba na kitabaki. Na utaona wali sijasema wa nazi, hilo ni makusudi, nazi ishakaa kwenye samaki na kwenye mbaazi, ukiiweka na kwenye wali watu wanachoka katikati ya sahani na saa tatu wote wanapiga miayo. Wali uwe mwepesi, mchele wa Kyela kama unaupata kwasababu una harufu yake wenyewe, kilo moja inatosha watu nane, punje chache za iliki na kijiti cha mdalasini, chumvi, mafuta kidogo, imetosha.

Samaki ndo roho ya hii kitu kwahiyo nikae hapo kidogo. Jumamosi asubuhi mapema nenda soko la samaki la Feri, usingoje saa nne jua likishapanda. Tafuta kolekole wawili wa kilo mbili mbili hivi, kichwa na mifupa vikitoka hapo unabakiwa na nyama ya kutosha watu nane kwa raha, na kolekole nyama yake imeshikana, haivunjiki ukimgeuza kwenye wavu. Mwangalie macho, yawe maangavu yametuna, sio yamezama yana ukungu, mfunue mashavu ndani pawe pekundu, mbonyeze nyama irudi, na umnuse, samaki mzima ananukia bahari, hanuki. Wape vijana wa kuparua pale pale wamtoe magamba na matumbo, alafu waambie wampasue kupitia mgongoni afunguke bapa na kichwa chake kibaki. Hapo ndo kuna siri ya kupendeza kwake mezani, samaki mzima aliyefunguka anajaza sinia na anaiva sawasawa, ukimkata vipande inakuwa ni mboga tu ya kawaida. Nenda na ndoo yenye barafu, joto la Dar na foleni ya kurudi Sinza vinamchosha samaki haraka mno, na ukifika nyumbani moja kwa moja kwenye friji.

Saa kumi na moja na nusu jioni mpake tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, chumvi, pilipili manga kidogo na ndimu, umuache humo kwa saa moja tu, ndani ya friji. Watu wengi wanalaza samaki kwenye ndimu toka usiku wanasema aingie viungo, hapana, ndimu inaigeuza nyama yake inakuwa nyeupe na ngumu kabla hata hajaona moto.

Sosi yake pika mchana, saa nane hivi. Nazi tatu zilizokomaa, kuna, kamua tui zito la kwanza weka pembeni na la pili weka pembeni. Anza na tui la pili, kitunguu saumu, tangawizi, manjano kidogo, pilipili mbuzi nzima umeichoma kijitundu ili itoe harufu isitoe moto wote, chemsha lipungue, alafu ndo unaingiza tui zito na hapo hutoki, unakoroga taratibu moto mdogo mpaka liwe zito la kuganda kwenye mwiko. Ukiliacha likatokota lenyewe bila kukoroga linakatika, unapata mafuta juu na chembechembe chini. Maliza na ukwaju mzito kijiko kimoja au viwili. Kabla hujafanya kitu kingine chochote teka bakuli moja la hiyo sosi, funika, weka friji, hilo ni la mabilinganya na halitakutana na samaki, na sosi iliyobaki nayo ikipoa iingie friji. Najua utataka kuniuliza tui la boksi, kwenye mbaazi tumia bila wasiwasi wowote maana mbaazi zenyewe zina uzito, ila kwenye samaki wa kupaka tafadhali kamua nazi, hapo tui ndo chakula chenyewe na mtu anayejua atalitambua kwa ulimi wa kwanza.

Kuchoma. Balkoni unayo, jiko la mkaa liwe nje kabisa hukohuko balkoni na lisiingizwe ndani hata kama mvua inatishia, ile hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua na haina harufu ya kukushtua. Mkaa mkabidhi mume wako, hiyo ndo kazi yake ya siku nzima, na mwambie toka leo asije akasema hakujua. Saa kumi na mbili na robo makaa yawe yameshakuwa mekundu bila moshi, yaanze mabilinganya mazima, yanaungua ganda nje yanalainika ndani, dakika kumi na tano hadi ishirini kutegemea na ukubwa, unayatoa unamenya unayapasua unayanyunyizia chumvi na ndimu. Yakitoka anapanda samaki, kwenye ule wavu wa kubana pande mbili, upande wa nyama kwanza alafu ngozi, dakika kumi hadi kumi na mbili kila upande, aive kabisa. Saa moja kamili samaki yuko kwenye trei amefunikwa, na mgeni anayepanda ngazi anakutana na harufu ya samaki wa mkaa kabla hajagonga mlango. Mabilinganya hapo yameshatangulia kwenye wavu safi kwahiyo rafiki yako hali kitu kilichogusana na samaki, na hilo asiyekula samaki analithamini kuliko unavyodhani.

Ile robo saa yako sasa ndo hii: saa mbili ikigonga unammiminia samaki sosi ya moto, anarudi kwenye makaa yaliyobaki au kwenye oveni dakika kumi, unampaka tena mara mbili tatu, ile nazi inaungua pembeni kidogo inakuwa ya kahawia, umemaliza. Wali uko hotipoti toka saa moja kasoro. Mbaazi na lile bakuli la sosi vinapashwa moto huku samaki anapakwa, na sosi hiyo unayamiminia mabilinganya.

Mbaazi roweka Ijumaa usiku, chemsha Jumamosi asubuhi mpaka ziive kabisa zipondeke ukizibana kwa vidole, kitunguu, manjano, pilipili hoho, tui, chumvi mwisho. Zikishatulia masaa mawili matatu zinakuwa tamu zaidi kuliko zikitoka jikoni, ndo maana napenda kuziweka kwenye shughuli ndogo kama hii, ila zikipoa ziingie friji, tui kwa joto letu likikaa nje toka asubuhi hadi usiku linachacha. Na kuhusu huyo rafiki yako, nakuomba sana, usimpikie "chakula chake" kwenye kibakuli pembeni alafu ukamtangaza mbele ya watu kwamba huyu hali nyama. Mbaazi na mabilinganya viwe vingi, viwe katikati, kila mtu ale, kila sahani na kijiko chake cha kupakulia, yeye atajichanganya na wenzake na hakuna atakayemuuliza maswali ya afya yake.

Kachumbari kata saa kumi na mbili, vitunguu vioshe kwa chumvi uvikamue vitoe ukali, changanya na nyanya na pilipili, kama una embe bichi weka, ila chumvi na ndimu vitie dakika ya mwisho kabisa, ukitia mapema inakuwa supu.

Muda. Waambie saa moja usiku na umaanishe saa moja. Siku hizi kuna mtindo wa kumdanganya mtu saa kumi na moja na nusu ili aje saa moja, mi siupendi, yule anayeheshimu muda ndo anaadhibiwa, anafika anakukuta na taulo. Saa moja mpaka saa mbili na robo ni ya kupokea watu, kwahiyo anayewahi asione njaa na anayechelewa kwa foleni asikute mmeshaanza: korosho za kukaanga kwenye vibakuli, vipande vya embe bichi au tango vyenye chumvi na pilipili, na glasi ya ukwaju baridi mkononi dakika mbili baada ya kuingia. Hii ya glasi usiidharau, mtu akishika kitu mkononi anatulia, hajui pa kuweka mikono ndo anaanza kuchezea simu. Ukwaju utengeneze Ijumaa, loweka kwa maji ya moto, vuruga, chuja, chemsha na sukari na tangawizi kidogo, poza, friji. Barafu nazo toka Ijumaa zianze kugandishwa, trei moja haitoshi watu nane.

Pombe hukuniuliza ila litakuja. Kwa mchanganyiko wa watu ulionitajia, mi ningeiacha kabisa usiku huo, kuna Waislamu wengi wanaoona uzito kukaa kula mahali penye chupa za pombe hata kama hawatasema kitu. Ukiwa na juisi nzuri kwenye jagi la kioo lenye barafu na vipande vya ndimu hakuna atakayeona pengo, na shemeji akitaka bia yake mume wako aongee naye mapema, yeye ndo mdogo wake anajua namna ya kumwambia.

Na huyo wa kazini, magharibi pengine atakuwa ameshaswali, ila isha kwa hapa Dar inaingia kama saa moja na nusu kwenda saa mbili, ambayo ni katikati ya maongezi yenu. Andaa kona ya chumbani pasafi, mswala kama unao au shuka safi iliyokunjwa, na akiingia mwambie kwa sauti ya chini choo kile pale cha kutawadha, na chumba ndo hiki. Kibla kwa hapa Dar ni karibu kaskazini moja kwa moja, iangalie mchana kwa simu ili usimwambie "sijui labda huku". Ndo maana pia nimekwambia chakula saa mbili na robo na sio saa moja na nusu, asikae anahesabu dakika. Nyama hakuna kwenye menyu kwahiyo swali la kuchinja halipo.

Haya, tukae wapi. Meza ya wanne ukiwabananisha nane inakuwa ni viwiko tu. Mi ningekaa chini. Toa meza ya kahawa, sukuma makochi ukutani, tandika mikeka miwili ya ukindu, ile ya rangi kama unaipata ndo nzuri zaidi, weka mito yote ya makochi na ya vitandani pembeni, katikati tandaza kikoi kimoja kirefu cha rangi iliyotulia, juu yake ndo masinia. Kwetu pwani kula chini kwenye mkeka ni heshima, tena ndo namna tunavyompokea mgeni tunayempenda, kwahiyo usione kama unawapunguzia. Ila waambie kwenye meseji ya mwaliko kwamba tutakaa chini, ili mtu asije na sketi ya kubana, na umuulize mume wako kama kaka yake au mke wa kaka yake ana tatizo la magoti. Kama yupo, weka vigoda viwili na wewe mwenyewe ukalie kimoja, asiwe peke yake juu. Ile meza ya wanne isogeze karibu na mlango wa jikoni, ndo itakaa juisi, glasi, sahani za ziada na baadae kahawa.

Alafu kunawa. Hapa ndo penye uzuri wote na haugharimu chochote. Usiwapeleke watu kwenye sinki la jikoni mmoja mmoja kwa foleni. Birika la maji vuguvugu lenye vipande vya ndimu na majani ya mchaichai, beseni dogo safi, taulo nyeupe mkononi, unaanza na shemeji yako kwasababu ndo mkubwa, anafuata mkewe, unazunguka. Unainama unamwagia mtu maji mikononi mwake na unamkaribisha kwa jina. Nimeliona hilo mara nyingi sana, chumba kinatulia, watu wanashusha sauti, wanasema asante, na kuanzia hapo usiku unabadilika unakuwa wa kwao. Vijiko weka, kila mtu na kijiko chake pembeni ya sahani, anayetaka mkono ale mkono anayetaka kijiko ale kijiko, usiulize. Mwisho wa chakula birika linazunguka tena na ndimu nyingi zaidi maana ni samaki.

Sahani usinunue seti. Changanya ulizonazo na za kuazima ilimradi zote ziwe nyeupe au zote za rangi moja, hata zikipishana ukubwa zitaonekana zimepangwa. Za plastiki na za kutupa hapana, glasi za plastiki hapana. Hotipoti zibaki jikoni, chakula kitoke kwenye sinia, bakuli la udongo, ubao, kile kitu cha kuja mbele ya watu kiwe kinaonyesha chakula na sio mfuniko.

Kupendezesha nyumba watu wanaongeza vitu, mabaluni, riboni, maua ya plastiki. Wewe toa vitu. Chaja, remoti, makaratasi, viatu vya mlangoni, kalenda ya ukutani, kabla hujafikiria kununua chochote. Tivii izimwe, sio ipunguzwe sauti, izimwe, ikiwaka kila jicho linaenda huko hata kama ni matangazo. Muziki uwe chini kiasi kwamba mtu wa pembeni yako humsikilizi kwa kuinua shingo, taarab asilia ya Unguja au zile zilipendwa za dansi, shemeji wa umri huo atafurahi na vijana pia watazijua.

Taa ndo kosa la nyumba zetu nyingi. Bulbu zile nyeupe kali za katikati ya dari, kwenye boksi wanaandika 6500K, zinamfanya kila mtu aonekane anaumwa na samaki wako aonekane wa kijivu. Ukienda dukani mwambie fundi wa taa unataka ya njano, soma boksi iwe 2700K au isizidi 3000K, nunua mbili, moja ya dari na moja ya taa ya pembeni, na ile ya dari unaweza hata kuizima watu wakishakaa. Kandili mbili au fanusi weka chini pembeni ya mikeka, mbali na pazia na mbali na upepo wa feni, ziwake toka mwanzo. Faida yake ya pili ni kwamba umeme ukikatika hakuna anayesimama kutafuta tochi ya simu, mnaendelea tu. Luku jaza Ijumaa, na mtungi wa gesi uupime au uutikise siku hiyohiyo, gesi ikiisha saa moja na nusu usiku hakuna duka litakalokuletea kwa utulivu.

Mbu. Madirisha yasiyo na wavu funga kabla jua halijazama, hapa kwetu ni kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima halipishani sana, dawa ya mbu piga mchana na sio wageni wakiwa wanakaribia. Mkichoma balkoni ule mlango urudishwe kila mtu anapopita. Udi choma saa kumi na moja, ufukize sebule, chumba cha kuswalia, mapazia, alafu chetezo kitoke. Udi ukifuka wakati wa kula unapigana na nazi na vyote viwili vinashindwa. Ukipata asmini, ziweke bakulini kwenye maji kidogo jioni, zinafunguka zenyewe usiku unavyoingia na harufu yake haigombani na chakula.

Ukishapakua kaa. Kaa upande wa karibu na jikoni ila kaa kweli, mguu chini, sahani yako imejaa kama ya wenzako. Mtu akisema nikusaidie nini, usimwambie kaa tu kaa tu, mpe kitu chepesi, akate ndimu, azungushe juisi, rafiki zako wa chuo wakishika jagi wanakuwa wenyeji wenzako na wa kazini wanachangamka kwa kuwaona. Vyombo usioshe wakiwepo. Weka beseni kubwa la maji ya sabuni chini ya sinki toka mchana, kila sahani inayotoka inazamishwa humo, jikoni panaonekana pasafi na kazi inangoja asubuhi.

Cha mwisho kiwe kidogo, baada ya nazi yote ile mtu hataki keki. Kahawa chungu na kashata au halwa, na sinia la matunda yaliyokatwa, nanasi, papai lenye ndimu, embe kama ni msimu. Kahawa usihangaike kuipika, mtafute muuza kahawa wa mtaani kwenu mwenye dele mkubaliane akujazie chupa ya chai saa moja kasoro, yake imepikwa kwa mkaa na hutaifikia kwa gesi. Kahawa ikitoka hamieni kwenye makochi na balkoni, watu wanyooshe miguu, ile kubadilisha pa kukaa peke yake inaongeza saa nzima ya maongezi.

Kitakachobaki kisikae nje. Wali na vyakula vya nazi kwa joto la Dar havivuki masaa mawili nje ya moto au friji, na usiku wa joto kali hata saa moja ni nyingi, kwahiyo watu wakihamia kwenye kahawa wewe au mume wako mtumie dakika tano kuingiza vitu friji. Vibakuli vyenye mifuniko nunua vichache, mke wa shemeji yako akiaga mpe mbaazi na kipande cha samaki apeleke kwa watoto.

Na kama Jumamosi ukifika Feri ukakuta kolekole hakuna au bei imepanda, usirudi na kuku akilini. Chukua changu wanane wa ukubwa wa sahani, mmoja kila mtu na wa rafiki yako utakula wewe au mume wako kesho, wapasuliwe vilevile, sosi ileile, ila kwenye wavu dakika sita saba kila upande zinatosha, na usiwaache wakauka maana wao ni wembamba. Jodari usichukue kwa hii, anakauka. Nitumie ujumbe Jumamosi asubuhi ukiwa pale ukishindwa kuchagua.